Una sukari na una mimba? Hizi namba zichukue mapema kabla presha haijakuvizia

Wadada wenye sukari mliobeba mimba au mnaopanga kubeba, hii ni yenu, na kina baba msipite tu maana nyie ndo mtaishika mashine ya presha usiku.

Kifafa cha mimba hakianzi na kifafa. Kinatanguliwa na hatua ambayo madaktari wanaiita priklampsia, presha inapanda baada ya wiki 20 na mara nyingi figo zinaanza kuvujisha protini kwenye mkojo, afu mama mwenyewe anajisikia poa tu, anafua, anapika, anaenda kazini. Kwa wajawazito kwa ujumla inawapata kama 2 mpaka 8 kati ya 100. Ukiwa na sukari tangu kabla ya mimba, iwe aina ya kwanza au ya pili, hatari yako ni kama mara mbili mpaka nne ya hiyo.

Sasa pa kuanzia. Watu wengi wanasubiri presha ipande ndo washtuke, mi nasema kazi kubwa iko miezi mitatu ya kwanza, ukichelewa hapo kuna vitu hutavijua tena. Ukiona tu mimba imeingia nenda kliniki, usingoje tumbo lionekane, na uwaambie una sukari kisha uombe vitu vitatu viandikwe kwenye kadi: presha yako ya mwanzo, protini kwenye mkojo na kreatinini ya damu (taka ambayo figo nzima inaichuja). Kwa nini? Sukari ikikaa mwilini miaka mingi inaharibu figo taratibu, kwa hiyo unaweza ukawa unavujisha protini tangu kabla ya mimba na hujui. Ukija kupimwa wiki ya 30 ikakutwa protini, daktari atajuaje kama ni figo za zamani au ni priklampsia mpya? Bila namba ya mwanzo anabaki anakisia. Na kile kijiti cha kuchovya kwenye mkojo kinasaidia ila hakitoshi, kama maabara wanaweza kupima uwiano wa protini na kreatinini omba hicho. Ongeza na HbA1c, ile sukari ya miezi mitatu, ikiwa juu mwanzoni mwa mimba hatari nayo inapanda.

Halafu hesabu mambo mengine uliyonayo. Presha ya zamani, figo mbovu, lupasi (ugonjwa wa kinga ya mwili kujishambulia yenyewe), mapacha, au mimba iliyopita ulipata priklampsia, hayo ni mazito. Mepesi kidogo ni kama hii ndo mimba ya kwanza, umri umekwenda, unene, mama yako au dada yako aliwahi kuipata, au imepita zaidi ya miaka 10 tangu mtoto wa mwisho. Ila jamani, sukari ya kabla ya mimba peke yake tayari inakuweka kwenye kundi la hatari kubwa, usiambiwe eti huna kingine basi uko salama. Sukari iliyoanzia kwenye mimba nayo inaongeza hatari, shida yake inagundulika wiki ya 24 mpaka 28, ukiwa umeshachelewa kwa hatua inayofuata.

Hatua yenyewe ni aspirini ya dozi ndogo. Inaanzwa kuanzia wiki ya 12, vizuri kabla ya 16, kila siku, kati ya miligramu 75 na 150, daktari ndo anaamua dozi na lini uache. Usijinunulie duka la dawa, we muulize tu, "mimi na sukari yangu, nastahili aspirini?" Hapo hapo mwonyeshe dawa zako za presha, zile zinazoishia na pril au sartan, kama losartan, hazifai kwenye mimba, zinabadilishwa haraka.

Kwenye hospitali kubwa kuna kipimo cha kina zaidi wiki ya 11 mpaka 13, wanachanganya historia yako, wastani wa presha, ultrasaundi ya dopla inayoonyesha damu inavyopita kwenye mishipa ya mfuko wa uzazi, na protini ya kondo la nyuma inayoitwa PlGF. Fetal Medicine Foundation, taasisi ya London ya afya ya mimba, wana kikokotoo cha bure mtandaoni cha kupiga hesabu ya hatari hiyo, daktari anaweza kukitumia hata bila PlGF.

Nyumbani pima presha hivi: kojoa kwanza, kaa dakika 5 bila stori, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono usawa wa moyo. Mkono mnene unataka kitambaa kikubwa cha kufunga mkononi, kidogo kinadanganya kwa kupandisha namba. Ukipata 140/90 pumzika urudie, ikibaki hapo nenda siku hiyo hiyo. 160/110 ni dharura, usingoje asubuhi. Kichwa kisichosikia panadol, macho kuona ukungu au nyota, maumivu chini ya mbavu kulia, uso kuvimba ghafla, nenda hata kama mashine inasema uko sawa. Na sukari ikianza kushukashuka mwishoni mwa mimba kwa dozi ile ile ya insulini, usifurahie tu, mwambie daktari, inaweza kuwa kondo limechoka.

Mashine kama umeazima kwa jirani usiirudishe siku unayotoka wodini, presha inaweza kupanda siku ya tatu mpaka ya sita baada ya kujifungua, wakati wageni wamejaa sebuleni na hamna anayekumbuka kumpima mama.