Jinsi ya kuyajua maua ya kisiwa msimu kwa msimu

Usianze na kitabu kikubwa, anza na njia moja fupi unayoweza kuipita kila wiki, maana ua likishapukutika ndo basi tena mpaka msimu ujao. Ukiweza pita pande zote mbili za kisiwa, upande unaopigwa na upepo mara nyingi unapata mvua zaidi kwa hiyo maua yake hayaendi sambamba na ya upande mkavu.

Piga picha ua, jani, gome na mti mzima, andika na tarehe. Picha ya ua peke yake haitoshi kabisa!

Kwenye mchanga wa ufukweni tafuta ule mmea unaotambaa, jani limegawanyika kama kwato ya mbuzi, ua zambarau lenye koo iliyokolea, nenda asubuhi kabla jua halijawa kali. Mbuyu nao unafungua maua yake meupe jioni, nenda na tochi.

Mkrismasi kusini mwa ikweta unawaka mwekundu Novemba na Desemba, kaskazini ni kuanzia Mei hivi, kwa hiyo kalenda ya kisiwa kingine usiiamini, tengeneza yako. Na jamani tusichume, visiwani kuna mimea haipo kwingine kokote duniani.