Kufunga gia boksi ya otomatiki ya mtumba kwenye Hilux Surf ya 1KZ

Gia boksi nyingi za mtumba zinazorudishwa dukani kwa madai kwamba ni mbovu zilikuwa nzima zilipouzwa. Ziliuliwa siku ya kufungwa. Konveta, yaani chombo cha mviringo kinachopitisha nguvu ya injini kwenda gia boksi kwa njia ya oili, haikuingia hadi mwisho, au kipoza oili kilibaki na uchafu wa gia boksi iliyokufa, au kebo ya presha, inayotoka kwenye linkeji ya pedali ya mafuta, ilifungwa kwa kukisia. Maelezo haya yanahusu Surf ya umbo la 130 yenye injini ya dizeli 1KZ-TE ya cc 2982, gari ambalo chini yake ni pikapu ya Hilux iliyovalishwa bodi ya abiria. Gia boksi yake ni ya familia ya A340/A343 kutoka Aisin, gia nne, na hatua nyingi za hapa zinafaa kwa Toyota nyingine za miaka hiyo zenye gia boksi ya ukoo huo.

Kabla ya kutafuta nyingine, jua ya kwanza imekufa kwa nini. Chomoa dipstiki na uangalie. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua maana yake klachi zimeungua, mara nyingi kwa joto, oili pungufu au presha ndogo. Oili ya rangi ya waridi yenye povu kama maziwa ya sitroberi ni habari nyingine kabisa: maji ya rejeta yameingia kwenye gia boksi. Kipoza oili cha kiwandani kimo ndani ya tangi la rejeta, na kikitoboka maji na oili vinachanganyika. Maji hubandua gundi inayoshika nyuzi za klachi, kwa hiyo hata ukimwaga oili mara tano, klachi zitaendelea kubanduka. Ukifunga gia boksi mpya kwenye rejeta hiyohiyo, umenunua ya pili kwa ajili ya kuiua vilevile.

Kupima rejeta ni rahisi. Chomoa mipira miwili ya gia boksi, jaza rejeta maji, acha mfuniko wazi, ziba njia moja ya kipoza na uingize upepo mdogo wa kompresa, baa 1 hivi, kwenye njia ya pili. Vipovu vikitokea mdomoni mwa rejeta, badilisha rejeta.

Kununua

Iwe ni Gerezani ya Dar es Salaam, Kirinyaga Road ya Nairobi au kwa mtu anayepasua magari uani, usinunue kwa maneno "hii ni ya Surf". Kwenye ubavu wa gia boksi kuna kibati chenye namba za Aisin, kwa mfano 30-40LE, na herufi nyingine chini yake. Nenda na picha ya kibati cha gia boksi yako na ulinganishe herufi kwa herufi. Gia boksi ya A340 iliyotoka kwenye Surf ya petroli ya V6 inafanana sana kwa macho, lakini kengele ya mbele (kava linalofungwa kwenye injini na kufunika konveta), konveta na mpangilio wa vali vilitengenezwa kwa injini nyingine. Fundi mjanja anaweza kuhamisha kengele. Hawezi kuifanya gia boksi iamini kwamba inabeba dizeli.

Sharti la pili: inunue na konveta yake, kebo yake, bomba la dipstiki na soketi za waya zikiwa na angalau sentimita 20 za waya. Muuzaji akitaka kuuza konveta kando, ondoka. Chungulia pia meno ya shafti ya nyuma. Ikiwa utatumia transfa yako ya zamani (boksi la nyuma linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma), idadi ya meno lazima ilingane, na kuyahesabu hakuchukui dakika moja.

Omba kufungua sampu, bakuli la oili chini ya gia boksi, palepale. Wapo watakaokataa, na jibu hilo nalo ni taarifa. Ndani ya sampu kuna sumaku ndogo. Ujiuji wa kijivu laini juu yake ni kawaida kwa chuma kilichotembea. Vipande unavyoweza kuvihisi kwa vidole, chembe za rangi ya shaba, au magamba meusi ya klachi ni sababu ya kuirudisha rafuni.

Kushusha

Gia boksi ikiwa na transfa inapita kilo 100. Tumia jeki ya gia boksi, au jeki ya magurudumu yenye ubao mpana na mnyororo wa kufungia, na gari likae kwenye stendi imara, si mawe wala matofali.

Chomoa waya kwenye nguzo ya betri. Mwaga oili ya gia boksi na ya transfa. Piga alama ya rangi au patasi kwenye flanji za propela zote mbili kabla ya kuzifungua, la sivyo zitarudi zimepinda mlingano na gari litatetemeka kuanzia mwendo wa kati. Toa bomba la moshi la mbele, linkeji ya gia, linkeji ya transfa, waya wa sensa ya spidi, swichi ya nyutro (inayoruhusu injini kuwaka kwenye P na N tu) na soketi ya solenoidi, vali za umeme zilizo ndani ya gia boksi. Kebo ya presha inafunguliwa upande wa injini, na njia yake ipigwe picha. Chomoa mabomba ya kipoza na uzibe midomo yake kwa plastiki safi.

Sasa bolti za konveta. Ziko sita. Toa kibati cha ukaguzi, kisha zungusha injini kwa soketi kwenye bolti ya pulei ya krenki, na kila moja itakuja mbele yako kwa zamu. Kwenye nyingi utakuta bolti moja ina rangi tofauti na tano nyingine. Itenge peke yake, itahitajika. Anayesahau hatua hii na kuvuta gia boksi moja kwa moja hubakiwa na konveta kwenye injini na oili kifuani.

Beba uzito kwa jeki, toa krosimemba (boriti inayoshikilia mkia wa gia boksi), kisha shusha mkia polepole ili bolti za juu za kengele zifikike kwa ekstensheni ndefu na kiungo cha kupinda. Injini inapolala nyuma, feni huelekea kugonga kava lake na mipira ya rejeta huvutika. Mtu mmoja akae mbele akitazama. Baada ya bolti zote kutoka, vuta nyuma ikiwa sawa, sio kwa kuining'iniza, na hakikisha pini mbili za kuongoza zimebaki kwenye injini.

Kabla ya kupandisha

Hapa ndipo pa kutumia muda, kwa sababu kurudi tena ni siku mbili nyingine. Badilisha sili ya mbele ya pampu, sili ya shafti ya nyuma, o-ringi ya bomba la dipstiki, na sili ya nyuma ya krenki ya injini hata kama haivuji. Badilisha filta ya ndani na gasketi ya sampu. Bolti za sampu hazitaki nguvu: Nm 7 hivi zinatosha, na anayezikaza kwa hasira hupindisha ukingo wa sampu na kujitengenezea uvujaji wa kudumu.

Mabomba ya kipoza yapitishiwe mafuta ya taa kwa presha, upande mmoja kisha upande wa pili, mpaka yatoke safi, halafu upepo, halafu oili mpya kidogo ya kuondoa mafuta ya taa. Ikiwa gia boksi ya kwanza ilikufa kwa klachi kuungua, kipoza cha zamani kina magamba yaliyokwama ambayo hayatatoka yote. Kipoza cha nje chenye feni yake si ghali ukilinganisha na gia boksi, hasa kwa gari la kubeba mzigo kwenye joto la pwani.

Pima solenoidi kwa maltimita kupitia soketi. Kila moja ya tatu, yaani mbili za kubadili gia na ya kufunga konveta, isome ohm 11 hadi 15 kati ya pini yake na bodi. Iliyokatika ibadilishwe sasa, sampu ikiwa wazi.

Konveta

Mimina kama lita moja ya oili mpya ndani ya konveta, paka oili kwenye shingo yake na uiingize kwenye gia boksi ikiwa imesimama, mdomo juu. Inapaswa kushika vitu vitatu kwa zamu: shafti ya ndani, shafti ya nje isiyozunguka, na gia ya pampu. Izungushe huku ukiisukuma taratibu. Utaisikia ikidondoka kidogo, kisha tena. Watu wengi huacha baada ya mdondoko wa kwanza au wa pili, na hapo ndipo pampu inapovunjika.

Usitegemee hisia za mikono. Weka rula ya chuma mdomoni mwa kengele, kisha pima kwa kalipa hadi kwenye visikio vya bolti vya konveta. Fanya hivyohivyo kwenye gia boksi ya zamani kabla hujaitupa, konveta yake ikiwa imekaa ndani kabisa. Kwa kuwa kibati ni kilekile, vipimo viwili vinapaswa kulingana. Vikipishana kwa milimita kadhaa, mpya haijaingia.

Wakati wa kupandisha, zuia konveta isiteleze mbele kwa kipande cha ubao kilichofungwa kwenye kengele, ukitoe dakika ya mwisho. Nyuso za kengele na injini lazima zikutane kwa mikono. Pengo likibaki, simama. Usivute kwa bolti, maana kitakachosogea ni pampu. Zikishakutana na bolti za kengele zikikazwa, konveta izunguke kwa kidole na icheze mbele na nyuma kidogo. Kisha ivute mbele kwenye bati la injini linalozungushwa na krenki, ianze bolti ile yenye rangi tofauti, ambayo ndiyo inayoweka konveta katikati, kisha tano zilizobaki, zote kwa mkono kwanza.

Kebo ya presha

Wengi huita kebo hii ya kikidauni na kuidharau. Kwenye gia boksi hii kompyuta ndiyo inayoamua lini gia ibadilike, lakini presha inayobana klachi inatoka kwenye kebo. Ikilegea, gia hubadilika laini sana, dereva anafurahi, na klachi zinateleza mpaka ziungue. Ikikazwa mno, kila gia ni teke.

Mtu akanyage mafuta hadi sakafuni, injini imezimwa. Angalia kizuizi kidogo kilichobanwa kwenye waya wa kebo: kati yake na ncha ya mpira wa ala pawe milimita 0 hadi 1. Rekebisha kwa nati mbili za bano. Ikiwa linkeji haifiki mwisho kwa sababu kapeti limezuia pedali, kipimo chote ni uongo.

Oili na majaribio

Tumia Dexron II au III. Gia boksi kavu pamoja na konveta hunywa kama lita 10, nunua 12. Transfa ina oili yake tofauti ya 75W-90. Mimina lita 4 kupitia bomba la dipstiki, washa injini, ongeza haraka mpaka ifike alama ya COOL, kisha pitisha rungu la gia kutoka P hadi L na kurudi, ukikaa sekunde kadhaa kila mahali, mguu kwenye breki. Kipimo cha kweli ni oili ikiwa ya moto, nyuzi 70 hadi 80, gari tambarare, injini ikinguruma, rungu kwenye P, alama ya HOT. Kuzidisha ni kubaya kama kupunguza, kwani oili hupigwa povu na povu halibebi presha.

Gari likikataa kuwaka kwenye P lakini likawaka kwenye N, au kinyume, sogeza swichi ya nyutro. Haihusiani na gia boksi.

Breki imekazwa na magurudumu yamezuiwa, toa N kwenda D na uhesabu: mshiko uje ndani ya sekunde 1.2. Kwenda R, ndani ya 1.5. Ikichelewa kwenye zote, rudia oili na kebo.

Ikitembea vibaya barabarani, tenganisha umeme na chuma kabla ya kulaumu chochote. Chomoa soketi ya solenoidi na uendeshe. Sasa L ni gia ya kwanza, 2 inakuwa ya tatu, na D inakuwa ya nne moja kwa moja. Zikishika zote vizuri hivyo, chuma ni kizima na tatizo liko kwenye waya, solenoidi au kompyuta. Rudisha soketi, unganisha pini za TE1 na E1 kwenye boksi la majaribio, weka swichi ya O/D (ya gia ya nne) kwenye ON, washa swichi ya funguo na uhesabu mimweko ya taa ya O/D OFF: 61 ni sensa ya spidi, 62 na 63 ni solenoidi za gia, 64 ni ya kufunga konveta. Kwa kuwa ulichomoa soketi, misimbo ya solenoidi itakuwa imehifadhiwa hata kama hakuna ubovu, hivyo ifute kwanza kwa kutoa fyuzi ya EFI kwa nusu dakika, endesha tena, kisha usome.