Fizi zikitoka damu, usiache mswaki

Nyinyi wa tambuu, na nyinyi wa kahawa na halua barazani: ukiona damu kwenye mswaki, usiache kupiga mswaki. Wengi hapa Unguja huacha ati "fizi zipumzike", na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Kwenye ukoga uliokaa pembezoni mwa jino mna bakteria. Kinga ya mwili huwapelekea chembe nyeupe za damu, mishipa hutanuka, ufizi huvimba na kuwa mwekundu. Vita visipokwisha, silaha za chembe hizo hizo huanza kula nyama na mfupa unaoshika jino. Mwili wajiumiza wenyewe, ajabu!

Mwaka 1965 watafiti huko Denmark waliwaachisha watu 12 kusafisha meno. Ndani ya wiki tatu wote walivimba fizi. Waliporudia mswaki, zikapoa kwa muda wa wiki moja hivi.

Basi tumia mswaki laini, hata wa mti ukitafunwa ukalainika, upitishe taratibu pale jino linapokutana na ufizi. Mvuta sigara asijisifu kuwa hatoki damu, sigara huificha. Ukoga ulioganda kama jiwe hautoki kwa mswaki. Huo akaukwangue daktari wa meno.