Chumba cha chini kinaloa: maji yanatoka wapi?

Kwenye viwanja vya mteremko, kama vile milimani Mwanza, mafundi huchonga kilima na kupandisha ukuta wa nyuma ukiegemea udongo. Hapo hupatikana chumba cha chini, ambacho huwa stoo au hupangishwa. Ukuta huo wa nyuma ndio wa kushukiwa kwanza. Rangi ikibanduka, wengi hukwangua na kupaka upya, na masika yanayofuata inabanduka tena kwa sababu maji bado yanapita palepale. Basi ndoo ya rangi isubiri.

Kagua mara mbili: siku moja au mbili baada ya mvua kubwa, kisha katikati ya kiangazi. Doa linalokuja na mvua na kufifia jua likikaza hutokana na maji ya udongoni au ya paani. Lisilojali msimu, shuku bomba linalovuja, au shimo la choo lililochimbwa upande wa juu wa kiwanja. Sogeza makabati na magunia yote yaliyogusa ukuta, maana nyuma yake hewa haipiti na dalili hujificha hapo.

Anzia chini ukutani. Unga mweupe unaopukutika ni chumvi. Maji yakipita ndani ya tofali na saruji huyeyusha chumvi, yakifika usoni yanakauka na kuiacha. Kuvu nayo huweza kuwa nyeupe, kwa hiyo nyunyizia maji kidogo: chumvi kwa kawaida huyeyuka, kuvu hubaki. Kisha gonga plasta kwa mpini wa bisibisi. Ikilia kama kitu kitupu ndani, imeachana na tofali. Miguu ya fremu za milango ichome kwa ncha ya bisibisi hiyohiyo; mbao ikizama bila ubishi, imeoza hata kama rangi yake inang'aa.

Urefu wa doa unasema mengi. Unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi huishia kwa kawaida chini ya mita moja na nusu, ukiacha mstari wa kahawia au wa chumvi unaokwenda ukutani kwa usawa. Unaopenya kutoka kwenye udongo wa nyuma hauna mpaka huo. Hutokea popote penye ufa au kiungo kibovu, hata karibu na dari. Doa la mviringo linalokua kuzunguka sehemu moja, na juu yake kuna bafu au jiko, mara nyingi ni bomba. Hakikisha kwa mita ya maji: funga koki zote, pamoja na inayojaza tangi, soma namba, rudi baada ya saa mbili. Ikiwa imesogea, maji yanapotea mahali baada ya mita.

Kuna maji ambayo hayakupita ukutani kabisa. Hewa yenye joto na unyevu ikigusa ukuta wa baridi hutoa jasho, na chumba cha chini kisicho na madirisha ya kutosha hujaa jasho hilo. Kutofautisha, futa ukuta ukauke, bandika kipande cha nailoni angavu cha sentimita 45 kwa 45, ziba kingo zote kwa gundi ya utepe, uache siku moja hadi mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni jasho: ongeza madirisha, usivunje ukuta. Yakiwa nyuma ya nailoni, maji yanatoka ukutani. Jaribio hilo linafaa sakafuni pia.

Nyufa zinahitaji jicho kali zaidi. Ufa unaopanda kwa ngazi kufuata viungo vya matofali kwa kawaida ni wa msingi kutitia. Ufa wa kulala, katikati ya ukuta wa nyuma, ni hatari zaidi: udongo ulioshiba maji unausukuma ukuta ndani. Teremsha timazi (uzi wenye uzito mwishoni) kutoka juu uone kama katikati umetokeza. Chora mstari wa penseli kwenye ncha zote mbili za ufa na uandike tarehe, ili uone baadaye kama unaendelea. Ukuta uliokwisha kutokeza usiguswe na fundi wa plasta. Mwite mhandisi, na watu wasilale humo.

Soketi iliyo kwenye ukuta wenye unyevu usiiguse. Zima swichi kuu kwanza, fundi umeme aje.

Sasa toka nje, ambako ndiko kosa huwa mara nyingi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 30, ni lita 3,000. Bila gata, au bomba lake likimwaga kwenye kona ya nyumba, maji hayo yanashuka nyuma ya ukuta. Ardhi nayo iinamie mbali na nyumba, walau sentimita 5 kwa kila mita kwa mita tatu za kwanza. Upande wa kilima haiwezekani, hivyo hapo panahitajika mfereji wa kukinga maji kabla hayajaufikia ukuta. Bustani ya maua inayomwagiliwa kila jioni ukutani hapo, ihamishe.

Chanzo kikishazibwa, bandua plasta yenye chumvi hadi walau nusu mita juu ya doa, piga brashi kavu, acha tofali likauke. Ukuta wa sentimita 15 unaweza kuchukua miezi kadhaa. Rangi ya mafuta au vigae vikiwekwa mapema, unyevu hukosa pa kutokea, hupanda juu zaidi na kuanza kubandua upya.