Kupima barua pepe kwa wateja wasiokujua: hesabu majibu tu

Somo hili ni la wenye biashara ndogo hapa Mombasa wanaowaandikia watu ambao hawajawahi kuonana nao. Mfano wangu ni wakala wa kutoa mizigo bandarini, ana ofisi Moi Avenue, anawatafuta waagizaji wa Nairobi na Kampala.

Hatua ya 1: Barua zifike kwanza
Mwambie aliyekutengenezea tovuti akuwekee SPF, DKIM na DMARC. Hizo ndizo zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli. Tangu Februari 2024, Google inamtaka kila anayetuma kwa Gmail awe angalau na SPF au DKIM, na anayefikisha barua 5,000 kwa siku awe na zote tatu. Weka zote hata kama unatuma ishirini.

Hatua ya 2: Hesabu
Fungua daftari au Excel. Andika zilizotumwa, zilizorudi (zilizoshindwa kufika), majibu, majibu ya maana, kazi iliyopatikana. Tuseme umetuma 120, zikarudi 20, ukapata majibu matano. Mawili yanasema "niondoe", moja ni la mashine: "niko likizo". Zilizofika ni 100, basi wako ni wawili kwa mia, si watano kwa 120. Na hizo 20 zilizorudi zinakwambia orodha yako imechakaa.

Wengi wataniuliza kuhusu "zilizofunguliwa". Achana nazo. Programu huficha kijipicha ndani ya barua, kikipakuliwa inahesabu kwamba imesomwa. Lakini tangu 2021 Apple Mail inaweza kupakua picha hizo yenyewe, mwenye simu awe ameisoma au la. Utajisifu asilimia sitini na simu hailii.

Hatua ya 3: Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja
Anza na orodha. Watu hupoteza wiki nzima wakipamba kichwa cha barua huku wanamwandikia mtu asiyeagiza chochote. Orodha ikikaa sawa, gusa sentensi ya kwanza. Hii haina maisha:

"Sisi ni kampuni inayoongoza katika huduma za usafirishaji."

Hii ina nafasi:

"Naona mnaleta vigae kutoka China. Kontena zenu hukaa bandarini siku ngapi kabla ya kutoka?"

Anayelipa storeji (ada ya mzigo kukaa bandarini) kila mwezi analijua jibu bila kufungua faili, na anaweza kulijibu kwa nambari moja akiwa kwenye foleni ya magari.

Hatua ya 4: Kumbusha
Mara moja au mbili, baada ya siku kadhaa, chini ya barua ileile. Zaidi ya hapo ni usumbufu.

Maswali ya wanachama

*Likoni: Kichwa cha kwanza nilituma 50 nikapata majibu 2. Cha pili 50, majibu 4. Si kimeshinda maradufu?*
Bado, ndugu yangu. Tofauti ni watu wawili tu. Huenda mmoja mzigo wake ulikuwa umekwama wiki hiyo. Endelea na vyote viwili mpaka ufike mamia.

*Mikindani: Kuna jamaa anauza orodha ya anwani 3,000. Ninunue?*
Usinunue. Anwani yenye jina la mtu ni data yake binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na huwezi kujua ilipatikanaje. Halafu zitarudi nyingi, nyingine zibonyezwe spamu (barua taka), na Google inataka malalamiko hayo yasifike asilimia 0.3. Hata barua za wateja wako wa zamani zitaanza kupotelea kwenye spamu.

*Nyali: Mimi nina magari ya safari, nawaandikia mawakala wa utalii Ujerumani. Kimya kabisa.*
Dada, kimya ni afadhali. Sheria ya Ujerumani inataka mtu akubali kwanza ndipo umtumie tangazo kwa barua pepe, hata akiwa kampuni. Watafute kwenye maonyesho kama ITB Berlin au Magical Kenya Travel Expo, uwaombe ruhusa ya kuwaandikia. Waliokubali waweke kwenye ukurasa wao peke yao. Ukiwachanganya na wengine, hesabu yako yote itaharibika.