Kuongeza Mashine au Kubaki na Kasia: Hesabu ya Mwenye Mtumbwi wa Mtera Bei Zinapopanda

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, inapotangaza bei kikomo za mafuta, mazungumzo ya mwaloni, pale mitumbwi yetu inapoegeshwa, hugeuka. Mmoja husema heri anunue mashine ya kusukuma mtumbwi leo kabla haijapanda tena, mwingine husema heri auze hata aliyo nayo arudi kwenye kasia, na wote wawili huwa wanasukumwa na hofu ileile. Mimi naishi Dodoma mjini na nina mtumbwi mmoja katika Bwawa la Mtera, ambao shemeji yangu ndiye nahodha wake. Mwaka huu tulilazimika kuamua kama tuufungie mashine au tuuache ulivyo. Ninaeleza hapa namna tulivyolipima jambo hilo, kwa ajili ya mwenye chombo kimoja au viwili ambaye akikosea hesabu, watoto wake ndio watakaolipia kosa hilo.

Anza na maji, kwa sababu Mtera si ziwa la asili. Bwawa hili lilijengwa kwenye Mto Ruaha Mkuu kwa ajili ya umeme: lina kituo chake cha megawati 80, na maji yake hutunzwa ili yakazungushe pia mitambo ya Kidatu huko chini. Likijaa, uso wa maji yake hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha mwisho cha kuzalishia umeme ni mita 690. Tofauti hiyo ya mita nane na nusu inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kwa kuwa ardhi ya hapa ni tambarare, maji yakishuka hata mita mbili ukingo hurudi nyuma mbali sana, na mwalo ulikouacha mtumbwi wako jana unakuwa uwanja wa tope uliopasuka. Aliyekuwa Mtera wakati wa ukame wa 2005 na 2006 anakumbuka hali hiyo. Uamuzi wa kufungulia maji hauko mikononi mwa mvuvi, kwa hiyo mwenye chombo anapaswa kupanga matumizi yake kwa kuufikiria mwezi mbaya kuliko yote, yaani Oktoba au Novemba kabla mvua hazijaanza, na si kwa kuutazama mwezi wa Mei bwawa likiwa limefurika.

Kuna pia visiki. Maji yalipoingia kwa mara ya kwanza, miti mingi ilibaki imesimama, na hadi leo vigogo vyake vikavu vinaonekana vimechomoza juu ya maji, vingine vikiwa vimejificha kiganja kimoja tu chini ya uso wake. Kasia ikigonga kisiki, mvuvi husukuma nyuma akaendelea na safari. Propela ya mashine ikigonga kisiki usiku, pini yake hukatika, na usipokuwa na pini ya akiba pamoja na koleo ndani ya chombo, utarudi kwa kasia ukiwa umebeba chuma kizito kisicho na kazi. Ndiyo sababu siwezi kumpa mvuvi wa Mtera ushauri uleule unaomfaa mvuvi wa Ziwa Victoria.

Hatua ya pili ni kuukagua mtumbwi wenyewe, nayo naisisitiza zaidi kwa sababu watu wengi huiruka. Mwezi Septemba tuliuvuta juu ukauke kwa siku sita, kisha nikamwita fundi mzee wa pale kijijini. Nilimwamkia, akaitikia, na kabla sijasema neno akaniuliza: "Mwanangu, unataka kufunga mashine kwenye mbao au kwenye rangi?" Alichukua bisibisi nyembamba akaanza kuchoma mbao moja baada ya nyingine kutoka tezi, yaani nyuma, hadi omo, yaani mbele, hasa pale mbao zinapokutana na mkuku, ule uti wa chini wa chombo, na pale misumari ilipopita kwenye mataruma, yaani mbavu zake. Mahali pazima ncha iligoma baada ya kuacha alama ndogo tu. Kwenye mbao mbili za upande wa kushoto iliingia karibu sentimita mbili bila kusukumwa kwa nguvu, na alipoichomoa ilitoka na unga mweusi wenye unyevu. Kisha akagonga kwa nyundo: mbao nzima ililia kwa sauti kali, ile iliyooza ikatoa sauti nzito kama ya gunia lililojaa. Kwa nje rangi ilikuwa safi kabisa, tuliipaka mwaka jana.

Mashine hutikisa chombo kwa namna ambayo kasia haitikisi, na uzito wake wote hukaa nyuma. Msumari ulioshikwa na ubao uliooza utalegea ndani ya wiki chache, kalafati inayoziba nafasi kati ya mbao itatoka, na maji yatajaa ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, kwa kasi kuliko kopo la kuchotea linavyoweza kuyatoa. Kwa hiyo, kama bisibisi inaingia, swali la mashine lifungwe hadi mbao zibadilishwe. Mtumbwi wenye ncha pande zote mbili unahitaji pia kukatwa tezi na kuwekewa ubao mnene wa kufungia mashine, na urefu wa ubao huo ndio unaoamua kama utanunua mashine ya mguu mfupi, wa inchi 15, au ya mguu mrefu, wa inchi 20. Gharama hiyo iandikwe tangu mwanzo. Nimeona watu wakinunua mashine kwanza na kugundua baadaye kwamba propela inaning'inia chini mno kwa maji yao.

Sasa tufike kwenye hesabu. Takwimu nitakazotumia ni za mfano, na kila msomaji aweke bei za mwalo wake. Tuchukue kwamba mashine ya nguvu za farasi 15 inagharimu shilingi 6,000,000, kwamba itadumu miaka mitano, na kwamba unavua safari 180 kwa mwaka. Kila safari basi inapaswa kurudisha shilingi 6,667 za mashine. Matengenezo tuyaweke shilingi 1,000,000 kwa mwaka, ambazo ni shilingi 5,556 kwa safari. Mafuta ni lita 10 kwa shilingi 3,000, yaani 30,000. Wengi hujumlisha hapo, wakapata kama 42,000, wakagawanya kwa bei ya samaki ya shilingi 5,000 kwa kilo, na kusema wanahitaji kilo 8 na nusu za ziada kila safari.

Hesabu hiyo ina tundu, nalo ni mgawo. Kwetu mafuta hutolewa kwanza katika mauzo, na kinachobaki hugawanywa nusu kwa mwenye chombo na nusu kwa wavuvi. Gharama ya mashine na matengenezo ni ya mwenye chombo peke yake, lakini samaki wa ziada si wake peke yake. Ili yeye apate shilingi 12,223 za kufidia mashine, kinachobaki baada ya mafuta lazima kiwe mara mbili yake, yaani 24,446. Ukiongeza mafuta unapata 54,446, ambazo ni karibu kilo 11 za ziada kila safari, juu ya zile unazopata kwa kasia. Ninaposema za ziada, nina maana ya samaki ambao usingewapata bila mashine.

Ukishaipata namba hiyo ya kilo, ichezee kwa bei zinazopanda, kwa maana hapo ndipo hofu ya mwaloni inapojibiwa. Mashine ikipanda kwa asilimia 20 na kufikia shilingi 7,200,000, kiasi unachohitaji kinaongezeka kwa nusu kilo tu kwa safari. Lita ya petroli ikipanda kwa shilingi 500, kinaongezeka kwa kilo nzima. Maji yakishuka mapema na safari zako zikapungua kutoka 180 hadi 120, unahitaji zaidi ya kilo 13 badala ya 11. Kwa maneno mengine, anayekuhimiza ununue leo kwa sababu kesho mashine itapanda anakutisha kwa jambo dogo kuliko yote matatu. Bei ya mafuta ina uzito zaidi, na idadi ya siku ambazo chombo kitakaa majini inazipita zote mbili. Katika idadi hiyo ya siku ingiza pia uwezekano wa uvuvi kufungwa ili samaki wazaliane, kama Serikali ilivyolifunga Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024.

Kuhusu mkopo nitasema kwa uchungu, kwa sababu nimeona mitumbwi ikichukuliwa. Mkopo wa kausha damu wa asilimia 10 kwa mwezi, ukiwa wa shilingi 6,000,000, unadai riba ya shilingi 600,000 kila mwezi. Ukivua safari 15 kwa mwezi, riba pekee ni shilingi 40,000 kwa safari, na kwa kuwa inatoka kwenye nusu yako, unahitaji kilo nyingine 16 juu ya zile 11. Hakuna mtumbwi wa Mtera ninaoufahamu unaoweza kubeba mzigo huo. Kama ni lazima kukopa, anza na VICOBA vya wenzako, au uulize halmashauri kuhusu mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambayo hutolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Benki ya Maendeleo ya Kilimo nayo imekuwa ikipitishiwa mikopo ya boti, na ofisa uvuvi wa wilaya ndiye wa kukueleza utaratibu wake. Vibali vipya, leseni na usajili wa chombo kilichobadilishwa umuulize yeye huyo, kabla hujakata tezi.

Njia ya kuijua ziada yako si kukisia wala kumwuliza jirani, bali ni kukodi. Tafuta mwenye mashine ambaye chombo chake kiko kwenye matengenezo, mkubaliane kwa usiku, na uvue nayo siku 10 huku ukiandika kila kitu. Kabla ya kuondoka jaza tangi hadi alama, na ukirudi lijaze tena kwa chupa ya lita moja ukihesabu chupa, kwa sababu anachokuambia muuzaji kuhusu ulaji wa mafuta hakifanani na kile ambacho mtumbwi wako mzito utakula. Mashine ya kuchanganya oili, ambayo nyingi huchanganywa lita 50 za petroli kwa lita moja ya oili, ihesabiwe na oili yake, yaani mililita 200 kwa kila lita 10. Samaki wapimwe kwa mizani, si kwa ndoo.

Sisi tulifanya hivyo mwezi Agosti, kabla hatujaukagua mtumbwi. Mashine ilitufikisha kwenye maji ya mbali upande wa Migoli, tukarudi mapema, na shemeji alifurahi mno kwa kuwa mgongo wake ulipumzika. Usiku wa nne tuligonga kisiki, pini ikakatika. Kwa siku zote 10, wastani wa ziada ulikuwa kilo 7. Tulihitaji 11.

Jambo moja lilituduwaza tulipokuwa tukipitia daftari hilo. Katika siku zilezile, samaki waliouzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu walikuwa wamelegea kabla wachuuzi hawajafika walikuwa karibu kilo 5 kwa safari, na jua la hapa halihitaji saa nyingi kufanya hivyo. Perege anayefika barabarani akiwa mgumu, macho yake yakiwa bado maangavu, ana bei nyingine kabisa kwa wasafiri wa basi la Iringa. Boksi la kuhifadhia baridi, pamoja na barafu ya kiasi cha kilo moja kwa kila kilo ya samaki, vinagharimu sehemu ndogo tu ya bei ya mashine, na havigongi visiki. Kwa mtu ambaye maji yake ni ya karibu, naona hilo litangulie, likifuatiwa na nyavu halali ambazo hazijachanika, na mashine ije mwisho. Lakini kwa yule ambaye maji yakishuka analazimika kupiga kasia saa tatu kwenda na saa tatu kurudi, hesabu inaweza kutoka kinyume, naye asiogope kununua kama kilo zake zinatosha katika mwezi mbaya. Akinunua iliyotumika, aione ikiwaka ikiwa ya baridi, aitazame ikitema maji ya kupoozea bila kukatika, na adai risiti.

Shemeji hakufurahia uamuzi wetu mara moja, na alikuwa na haki, kwa kuwa mabega ni yake. Tulikubaliana kwamba fedha ya boksi itakaporudi, mtu wa tatu aongezwe kwenye kasia kabla ya jambo lingine lolote, na kwamba tutakodi mashine tena siku 10 mwezi Mei, bwawa likiwa limejaa, ili tuwe na namba za pande zote mbili za mwaka. Mtumbwi ulirudi majini wiki ya kwanza ya Oktoba ukiwa na mbao mbili mpya upande wa kushoto, jaketi okozi tatu na boksi katikati. Fundi alisimama ukingoni akiangalia ngama kwa nusu saa nzima, hadi aliporidhika kwamba ni kavu.