Kutafakari huruma kwenye mafungo ya kimya ya Kibuddha: uanze na nani, useme nini

Siku mbili za kwanza usiguse huruma. Mwili bado una uchovu wa safari na akili bado inabishana na watu wa nyumbani. Zitumie kwa kufuata pumzi, au kwa metta, yaani kumtakia heri mtu ambaye ukimkumbuka tu uso unakunjuka. Karuna, huruma kwa anayeteseka, inataka akili iliyotulia.

Kimya chenyewe si kufunga mdomo tu. Simu, vitabu, daftari, ishara za mikono, hata kutazamana kwenye foleni ya chakula, vyote vinawekwa kando. Unaongea na mwalimu peke yake, tena kwa dakika 10 au 15 alizokupangia. Panapofuatwa kanuni nane, yaani maadili ya Kibuddha ya siku za mafungo, chakula cha mwisho huliwa kabla ya saa sita mchana. Kula cha kutosha, ila ukivimbiwa kikao cha alasiri utakilala. Usingizi ukikuzidi, tafakari umesimama.

Wengi huharibu kwenye kumchagua mtu wa kwanza. Wanamchukua mama aliyelazwa, na baada ya nusu saa wamezama katika hofu ya kumpoteza. Chagua mtu aliye hai, ambaye shida yake unaiona wazi, lakini hamjafungamana sana. Marehemu hapana, msiba utaingilia. Unayemtamani hapana pia. Buddhaghosa, mtawa wa Kibuddha aliyeandika huko Sri Lanka katika karne ya 5, anaongeza kwamba ukikosa mwenye dhiki, mchukue mtenda maovu hata kama sasa hivi anastarehe. Mfano wake ni wa mhalifu anayepelekwa kuuawa: njiani watu wanampa chakula, mashada ya maua na manukato, naye anatembea kama mtu wa karamu, lakini hakuna anayemwonea wivu.

Kikao ni dakika 45 hivi. Dakika 5 za mwanzo sikia uzito wa mwili ulivyokaa. Kisha mlete mtu wako kwa picha moja tu, si historia yake yote: jinsi anavyoshika kiuno akiinuka kwenye benchi, basi. Sema kimoyomoyo, “Mateso yako yakome.” Acha pumzi moja au mbili zipite, urudie. Sentensi moja yatosha, na usiibadilishe kila siku, la sivyo akili itashughulika na kutunga maneno. Kifua kisipopata joto lolote, endelea tu. Unachokuza ni nia. Hisia huja na kuondoka zenyewe.

Kwenye kutafakari kwa kutembea, chukua njia ya hatua 15 hadi 20, useme sentensi ileile kila unapogeuka na mara moja katikati.

Ukatili, adui wa mbali wa huruma, unautambua upesi. Wa karibu ni huzuni, na huyu huingia amevaa nguo za huruma. Dalili zake ni kifua kizito, taya zilizobana, na mawazo yanayozunguka “itakuwaje”. Fumbua macho, acha sentensi, sikia nyayo sakafuni, kisha rudi kwenye metta kwa dakika 10. Ukikosa usingizi usiku mzima, mwambie mwalimu asubuhi. Na kama una msiba wa karibuni au kiwewe cha zamani, mwambie kabla hujaanza. Maneno yakigeuka kelele tupu, yapunguze mwendo na urudishe picha. Ukijikuta unamtazama mtu kutoka juu, “maskini yule”, fanya raundi moja juu yako mwenyewe: “Mateso yangu yakome.”

Akishakolea huyo wa kwanza, songa kwa unayempenda, kisha kwa usiye na lolote naye (anayesugua masufuria jikoni anafaa sana), mwisho kwa uliyekosana naye. Hapa anza na aliyekuudhi, si aliyekuumiza. Kila mmoja mpe siku nzima au zaidi.

Buddhaghosa ana kipimo cha mwisho. Mmekaa wanne: wewe, unayempenda, yule usiye na lolote naye na adui. Majambazi wanataka mmoja wamchinje. Ukimtoa adui, kazi bado. Ukisema “nichukueni mimi”, bado vilevile, maana umejitenga wewe na kujinyima unachowatakia wengine. Umefika pale usipoona hata mmoja wa kutoa. Kama bado, kikao kinachofuata rudi kwa yule uliyemtoa.